Usingizi wa Panya Sufi

Asubuhi ile niliwatazama panya sufi kwanza, ndipo nikaenda kumtazama Mama. Naanza na hapo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na nimejiahidi kuandika bila kubadilisha chochote.

Uwanda wa Shira, huku juu mlimani, ulikuwa umeganda. Maji ya kwenye ndoo yalikuwa barafu tupu, na mlango wa banda niliusukuma kwa bega. Ndani, sufi wangu arobaini na mmoja walikuwa wamejikunja kwenye maboksi yao, kila mmoja amejifunika mkia wake. Nilimwinua wa kwanza. Sufi akilala usingizi wa baridi hafanani na kiumbe hai. Ni kama umeokota jiwe lililoviringishwa pamba. Nikamweka sikioni na kungoja. Moyo ukapiga. Nikahesabu hadi kumi na tano ndipo ukapiga tena.

Kazi yangu ilikuwa hiyo, kusikiliza mioyo. Mwezi wangu wa kwanza kwenye kituo hiki cha kufuga sufi nilimtupa mmoja jalalani nikidhani amekufa. Saa sita mchana nikamkuta amekaa juu ya maganda ya viazi, anasafisha masharubu, ananitazama kama mtu aliyetukanwa.

Wazazi wao waliletwa kutoka milima mirefu ya Amerika ya Kusini, na wataalamu wakawachanganya na panya wa nyasi za mlima wetu. Katika tundu moja la ngozi, pale ambapo mimi nina unywele mmoja, sufi ana nywele sitini. Hata kiroboto hapati njia. Haogi maji, maana manyoya yake yakilowa hayakauki na ngozi huoza. Hujigaragaza kwenye majivu ya volkano. Hatoi jasho. Joto likizidi, hana pa kulitolea ila masikioni, na masikio yakiwa mekundu mpaka kwenye mizizi, mfugaji ujue umechelewa. Damu yake ndiyo iliyowaleta wataalamu: hunasa hewa nyembamba pale ambapo damu ya mtu inapitwa nayo.

Mfereji wa ukoo wetu ulipokauka kule chini, na kahawa ikafa, na migomba ikabaki michache kama meno ya mzee, tuliambiwa kuna nafasi ya kuishi juu kwa atakayekubali kuchanjwa. Sindano tatu katika mwezi mmoja, zenye jeni za sufi. Ukishachanjwa unalima viazi kwenye uwanda ambao zamani wageni walikuja kupanda mlima wakatapika. Lakini huwezi kushuka tena, si chini ya msitu, si kwa zaidi ya saa chache. Na siku za baridi kali, ukiwa mzee au umechoka, unalala kama wanavyolala wao. Siku tatu, siku tano, kisha unaamka na njaa.

Sisi wa juu tulisema tu, "Amelala." Nani angehitaji neno jingine?

Niliporudi nyumbani, Mama alikuwa amelala. Ilikuwa mara yake ya nne msimu ule. Uso wake ulikuwa wa baridi, midomo ya kijivu, na ile bangili ya kituo mkononi mwake, inayofuata mapigo ya moyo, ilitoa nuru ya kijani mara moja, ikazima, nikahesabu, ikatoa tena. Nikamfunika blanketi jepesi. Mtu aliyelala haongezewi joto. Sufi akiamshwa polepole na jua la Shira huamka salama. Akiamshwa ghafla na joto, moyo hukimbia kabla damu haijawa tayari, mwili huchoma mafuta yote kwa saa chache, halafu unaanza kujichoma wenyewe. Katika kumi walioamshwa namna hiyo nimewahi kuokoa watatu.

Wakati huo redio ya kituo ikaniita. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la banda la Kambi ya Juu na sufi wa kule walikuwa wazi. Nikavaa makoti mawili. Mlangoni nikakumbuka kwamba baba mdogo Kisaka, mdogo wa marehemu baba yangu, angempigia Mama simu Jumapili kama kawaida yake, asipopokelewa angepatwa na hofu; mara tatu za mwanzo Mama aliamka kabla ya Jumapili, na kule chini hakuna aliyejua. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikaandika:

"Shikamoo baba mdogo. Mama amelala leo asubuhi. Mimi napanda Kambi ya Juu, simu haitashika siku mbili. Anaeli."

Nikatuma. Siku ilikuwa Alhamisi.

*

Mama hakutaka kuchanjwa. Hilo nalo liandikwe.

Siku ya kwanza aliyopanda kunitembelea, kabla ya chanjo, alikaa na mtungi wa hewa magotini kama amebeba mtoto wa jirani. Nikampa sufi amshike. Alimpapasa kwa muda mrefu, vidole vikazama kwenye manyoya.

"Huyu ni laini kuliko shuka la mangi wa enzi za uchifu," alisema. "Anafanya kazi gani?"

"Anaishi tu, Mama. Huku juu kuishi ni kazi."

"Jasho anatoa?"

"Hatoi."

"Basi hiyo kazi hajaijua." Akacheka mpaka akakosa pumzi, nikamfungulia hewa.

Baadaye akaniambia wazi. "Anaeli, baba, mimi nimeolewa Masama, nimezalia Masama, na pale kihambani, kwenye migomba yetu, ndipo alipolala baba yako. Nikikubali sindano zako, siku yangu ikifika nitazikwa wapi? Kwenye mawe?"

"Tutakushusha, Mama. Maiti haisikii joto."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

"Na kabla ya kuwa maiti?"

Nilimweleza habari ya nyuzi joto, ya maji yanayoletwa na boza mara moja kwa wiki, ya wazee watatu wa kijiji waliokufa Februari ile kwa joto. Nilizungumza vizuri sana siku hiyo. Akaninyooshea mkono, akatazama pembeni, kama anavyofanya mtu anayetolewa damu.

*

Nilirudi Jumamosi, saa tano asubuhi. Tuliokoa sufi wote wa Kambi ya Juu isipokuwa wawili, na nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa napiga mluzi.

Kitanda cha Mama kilikuwa kitupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa mara nne kwa ustadi, na mkunjo ule si wetu. Mezani palikuwa na kikombe, na ndani ya kikombe bangili yake, imezima. Pembeni yake pete ya ndoa, hereni mbili na kitana. Nilipoona kitana nikajua. Ni vitu ambavyo wanawake humvua maiti kabla ya kumvisha.

Jirani yetu, Mama Ndelilio, alikuwa anarudi na ndoo zake.

"Wageni wako walifika saa tatu," alisema. "Watu wa heshima sana. Nilikutana nao getini, nikawaambia, 'Amelala, piteni polepole.' Wakavua kofia, mwanangu! Mmoja akanishika mkono akaniambia asante kwa kuwa naye."

"Walikuwa na nini?"

"Gari. Mimi niliwahi foleni ya maji, sikungoja." Akaweka ndoo chini. "Anaeli, walikuwa na nini?"

Nilikimbia hadi karakana ya kituo. Haikaeli, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa chini ya gari lake, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Haikaeli, toka! Wamemshusha Mama!"

"Nani kamshusha?"

"Ndugu zangu. Wanakwenda kumzika."

Alitoka na spana mkononi, akanitazama kama anangoja nimalizie utani. Kisha akaitupa spana, akaanza kupakia mablanketi ya barafu.

Kwenye geti la chini, mlinzi alituambia gari la maiti lilipita na barua ilikuwa sawa. Barua ipi? Alisema mzee mmoja alimwonyesha ujumbe wangu kwenye simu. Mlinzi yule hakuwa mtu wa juu, alikuwa analala nyumbani kwake chini ya msitu. Alisoma "Mama amelala" na akawapigia saluti.

*

Toka getini hadi Masama unapita msitu, halafu magogo ya msitu, halafu mashamba yaliyoachwa. Kila kona joto liliongezeka. Haikaeli naye amechanjwa kama mimi; tulijifunga vitambaa vya maji shingoni. Nilihesabu saa. Wakifika saa sita, wakimweka sebuleni watu wamuage, nyumba ya bati, nyuzi thelathini na nane. Sikuwa nahesabu kama mtoto wake. Nilikuwa nahesabu kama mfugaji.

Tulifika saa nane. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, sufuria za ndizi jikoni zinachemka, na watu wote walikuwa wamesimama barabarani, mbali na nyumba, hakuna anayeimba. Mwanamke mmoja alikuwa amepoteza viatu vyote viwili. Waliponiona wakafungua njia.

Ndani alikuwapo baba mdogo Kisaka peke yake. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na suti yake nyeusi, anampepea Mama kwa kitabu cha nyimbo. Mama alikuwa amelala chali kwenye saruji, gauni jeupe limefunguliwa shingoni, macho wazi. Jeneza lilikuwa juu ya meza, kifuniko kimeanguka.

"Karibu," baba mdogo alisema bila kugeuka. "Msiba umeharibika."

"Baba mdogo..."

"Uliandika amelala!"

"Alikuwa amelala! Sikuandika amekufa."

"Kwetu nani anamwandikia mtu ujumbe kumweleza kwamba fulani amesinzia?" Aliendelea kumpepea. "Nilichimba kaburi, Anaeli. Nilipanda huko kwenu, hewa hakuna, kichwa kinapasuka, mke wangu anatapika huku anamvisha. Tulikaa nusu saa, hatukuweza zaidi. Nilimgusa. Alikuwa baridi kama chuma. Ningejuaje?"

Hangejua. Mimi ndiye niliyekuwa na mwaka mzima wa kujua, na nikaandika neno la juu kumpelekea mtu wa chini.

Nikapiga magoti upande wa pili. Moyo wa Mama ulikuwa unakimbia kiasi kwamba sikuweza kutenga pigo na pigo. Ngozi kavu, ya moto. Masikio yake yalikuwa mekundu mpaka kwenye mizizi.

"Mama, ni mimi. Nitakuinua, tuna barafu garini."

"Niache hapa," alisema. "Sakafu ina ubaridi."

"Haitoshi, Mama."

"Ni sakafu yangu. Niliisugua miaka arobaini, naijua inavyotosha." Alikuwa anazungumza vipande vipande. Macho yake yalikuwa mlangoni, pale nje ambapo kuna migomba mitatu iliyobaki. "Wameumwagia maji ule wa kati?"

"Tumeumwagia, shemeji," alisema baba mdogo.

"Vizuri."

Nikamwekea blanketi la barafu kifuani. Akanikamata mkono, kwa nguvu ambayo sikuitarajia. "Anaeli, usinipandishe."

"Utakufa ukibaki."

"Nimekufa tangu saa tatu, waulize hao walioko barabarani." Kona ya mdomo ilicheza. Kisha ikatulia. "Mkono wa sindano nilikupa kwa sababu wewe ni mwanangu. Leo nipe mimi, kwa sababu ni mama yako. Niache."

Nimejaribu mara nyingi kuiandika dakika iliyofuata, na kila mara inakuwa ndefu kuliko ilivyokuwa. Haikuwa ndefu. Nilijua mambo mawili na yote mawili yalikuwa kweli. Alikuwa na akili timamu, yuko nyumbani kwake, anaomba kitu kimoja. Na nilikuwa na gari, barafu, na dereva ambaye angeweza kufika msituni kwa saa moja na nusu, na watatu kati ya kumi. Nilimwona kila mmoja wa wale watatu. Niliwaona wanafungua macho viganjani mwangu.

"Anaeli," baba mdogo alisema, polepole. "Umemsikia."

"Wewe hujui ugonjwa huu. Mimi ndiye ninayejua."

"Sikukuuliza unajua nini. Nimekwambia umemsikia."

Nikamwita Haikaeli, tukamwinua. Mama hakupigana. Aligeuza tu uso pembeni, kama siku ile ya sindano. Tulipomtoa nje watu walirudi nyuma hatua nyingine, na mtu mmoja, sijui nani, akaanza wimbo, akaona haufai, akanyamaza.

*

Nilikaa naye nyuma, namwekea barafu makwapani na mapajani, namsemesha. Nilimwambia tukifika msituni atapumua. Nilimwambia sufi wa Kambi ya Juu wamepona. Hakunijibu hata neno, na sikuweza kujua kama hakuweza au alikuwa amekataa. Nadhani alikataa. Ningependa kudhani hakuweza.

Kwenye mashamba yaliyoachwa, kabla ya mti wa kwanza wa msitu, moyo wake uliacha kukimbia. Nilifurahi. Nilidhani barafu imeshika. Nikaweka sikio, kama nifanyavyo bandani, nikahesabu hadi kumi na tano. Nikahesabu hadi thelathini. Nikaendelea kuhesabu, maana nimewahi kumtupa aliye hai.

Haikaeli alisimamisha gari bila kuambiwa. Akazima injini, akashuka, akaja kufungua mlango wa nyuma. Alimtazama Mama, akanitazama.

"Umehesabu mpaka ngapi?"

"Mia tisa."

Akakaa kwenye ukingo wa gari. Pale palikuwa si popote. Si juu, si nyumbani. Mawe, vumbi, na visiki vya kahawa ya watu nisiowajua. Mama alikuwa amefia pale, barabarani, amegeuza uso ukutani mwa gari.

"Kaka," alisema Haikaeli, "tunapanda au tunashuka?"

"Tunashuka."

*

Viti vilikuwa vimeshakusanywa na turubai limefunguliwa. Nyuma ya nyumba wanaume wanne walikuwa wanashindilia udongo. Baba mdogo alikuwa amevua koti la suti na amekunja mikono ya shati.

Alituona tunavyotembea, akaelewa. Akaegemea jembe lake.

"Tumeshalifukia," alisema. "Kaburi likichimbwa halikai tupu. Tumezika mgomba. Ule wa kati."

Nilitazama nyuma yake. Migomba ilikuwa miwili, na kati yake shina lililokatwa bado linatoa maji.

"Basi tufukue," nilisema.

"Kilichozikwa hakifukuliwi, hata kama ni mgomba." Hakusema kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. "Itabidi kuchimba jingine. Pale, kushoto kwa baba yako. Vijana wamechoka, ngoja wanywe maji."

Nikalichukua jembe mkononi mwake. Hakulishikilia.

Udongo wa Masama wakati ule ulikuwa mgumu kama tofali. Pigo la kwanza lilirudi mpaka begani. Saa kumi na moja jua lilikuwa bado kali, na mwili wangu, ambao hautoi jasho, ulianza kujaa joto kama chungu kilichofunikwa. Nilichimba. Nilisikia masikio yanaunguza. Haikaeli alinimwagia maji mgongoni mara mbili, akasema kitu ambacho sikukisikia. Shimo lilipofika magotini dunia ilianza kuzunguka kidogo pembeni, na moyo ukaanza ile mbio ambayo naijua.

Baba mdogo alikuja akasimama ukingoni, kivuli chake kikanifunika.

"Weka jembe, Anaeli. Utatufia hapa na wewe, tuzike wawili."

"Niache, baba mdogo."

Alinitazama. Alikuwa na haki ya kunivuta kwa nguvu, na nguvu alikuwa nazo. Mimi nilikuwa siwezi hata kusimama wima. Kisha akasogea pembeni, akakaa juu ya udongo niliokuwa nimeutoa, akaniacha.